Nililifuata Gari, Nikamwacha Mtu

Sikumgonga mtu. Hilo ndilo neno nililokuwa nikilitanguliza kila nilipoulizwa habari za jioni ile, na kwa muda mrefu niliona linatosha. Halitoshi. Nilikuwa dereva wa kwanza nyuma ya gari lililogonga. Simu yangu ilikuwa na chaji, na kwenye buti nilikuwa na kitenge cha mke wangu na pembetatu za tahadhari. Kuliko watu wote waliokuwa barabarani, mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi na mtu aliyeanguka. Nikaondoka.

Ilikuwa Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, upande wa kutoka Ubungo kwenda Buguruni. Anayeipita barabara ile saa za magharibi anaijua hali yake: malori ya bandarini yamejipanga, daladala zinachomekea, bodaboda zinapenya kila penye upenyo, na mwenye baiskeli hana pa kupita isipokuwa ukingoni kabisa mwa lami. Mbele yangu palikuwa na gari aina ya IST, la rangi ya fedha. Mbele yake, kule ukingoni, alikuwapo mtu wa baiskeli, amefunga mfuko wa zana nyuma ya kiti. Foleni ilipolegea, IST ikataka kulipita lori kwa kushoto, mahali pasiporuhusiwa na pasipokuwa na nafasi. Nikasikia kishindo. Baiskeli ikaenda mtaroni, mtu akabaki kwenye lami.

Taa za breki za IST ziliwaka. Nikadhani anasimama. Kisha zikazima, gari likaondoka.

Sikujiuliza chochote. Nilikanyaga mafuta nikamfuata.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa sababu naamini watu wengi wenye moyo mzuri wangefanya kama mimi, na pengine hata wewe. Mtaani kwetu, nilipokuwa mdogo, mtoto wa jirani aligongwa na gari ambalo halikupatikana mpaka leo. Kila mtu mzima aliyekisimulia kisa kile alimalizia kwa kusema laiti angetokea mtu akalifukuza. Nilikua na neno hilo. Kwa hiyo dakika ile, nikiwa na hasira kooni na usukani mkononi, nilijiona ndiye yule mtu aliyekosekana siku zile, na wazo la kwamba kuna kazi nyingine ya kufanya, ya kusimama, kushuka na kupiga magoti kwenye lami, halikunijia kabisa, ingawa kazini tulikwishapewa mafunzo ya huduma ya kwanza na cheti changu kilikuwa ukutani ofisini.

Niliwasha taa kubwa. Nikabana honi bila kuiachia. Pale External nilipita taa nyekundu, na mama mmoja aliyekuwa ameanza kuvuka na mtoto akarudi nyuma kwa kuruka. Nilimwona kwenye kioo baada ya kumpita. Nilikuwa namkimbiza mtu aliyegonga, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kugonga wawili.

Niliteremsha kioo nikawapigia kelele vijana wa bodaboda: "Huyo kagonga mtu, huyo!" Wawili wakajiunga nami. Nilitaka ashikwe. Sikuwaza akishashikwa itakuwaje. Buguruni, foleni ilipotukamata, niliiona IST ya rangi ya fedha, nikaona na nyingine, na mbele yake nyingine tena. Magari ya aina hiyo ni mengi mno Dar es Salaam. Nilipofika pale vijana walipokuwa wamesimama, mmoja alikuwa anagonga dirisha kwa kofia ngumu na mwenzake ameshaokota jiwe. Ndani alikuwamo mama na watoto wenye sare za shule. Nikawaambia siyo hili, tafadhalini, siyo hili. Jiwe likatupwa chini. Yule mama hakuteremsha kioo, wala simlaumu. Sijui alikwenda kuwasimulia nini nyumbani kwake.

Nikaenda kituo cha polisi. Nakiri kwamba nilikwenda kifua mbele. Nilikuwa na rangi ya gari, aina yake, tarakimu mbili nilizokuwa na hakika nazo na herufi ya mwisho. Namba nzima niliisoma vizuri mwanzoni, nikawa nairudia mdomoni njia nzima, lakini kelele za Buguruni na zile IST nyingine ziliivuruga kichwani. Afande wa kaunta alikuwa mtu mzima, mpole. Aliandika nilichosema, kisha akauliza:

"Majeruhi yuko wapi?"

"Sijui, afande."

"Umemwacha na nani?"

"Sijui."

"Alikuwa anapumua?"

Sikujibu. Si kwamba sikutaka. Nilikuwa natafuta kichwani picha ya yule mtu pale chini, nikakuta sina. Sikujua kama alikuwa kijana au mzee. Sikujua kama alijitikisa. Nilikuwa na picha ya nyuma ya gari tu, taa zake na vumbi la kwenye bampa.

Alinitazama kidogo, kisha akauliza namba ya gari langu. Nikaitaja. Akafungua ukurasa mwingine wa kitabu chake, akaweka kidole, akaniomba niitaje tena, polepole. Nikaitaja polepole.

"Mzee wangu," akasema, "hii ndiyo namba tuliyoletewa kutoka eneo la tukio. Gari lililogonga na kukimbia."

Mwanzoni nilihisi nimeonewa. Nilifungua mdomo kueleza, na katikati ya maelezo yangu nikayasikia ninayoyasema. Waliokuwa kando ya barabara walisikia kishindo, wakageuza shingo, wakaona baiskeli mtaroni, mtu chini, na magari mawili yanakwenda kasi kwa kufuatana. La kwanza lilikuwa limeshafika mbali. La pili lilikuwa linawasha taa na kupiga honi kama lenye kutaka njia, na ndilo lililosomeka. Kijana mmoja mwenye kibanda cha uwakala wa pesa alilipiga picha. Alifanya jambo ambalo mimi ningepaswa kulifanya: alisimama, akatulia, akapata namba. Mimi niliyekimbia nikijidhani ndiye mwenye kuitafuta namba sikuipata, na yeye aliyebaki mahali pake aliipata yangu. Hakuwa amekosea. Mtu kaanguka mbele ya gari langu, nami nimempita kwa kasi bila kusimama. Kwa macho ya mtu yeyote aliyekuwa pale, na kwa macho ya yule aliyekuwa amelala kwenye lami, gari langu na IST yalifanya kitu kilekile.

Hapo nikanyamaza. Afande akaomba funguo za gari, nikampa.

Nililala nyumbani usiku ule kwa sababu shemeji yangu alikuja kunidhamini. Gari lilibaki kituoni likingoja mkaguzi wa magari. Alilizunguka, akapima, akapitisha mkono ubavuni wa kushoto, akaandika kwamba halina alama ya kugonga. Wakala naye alihojiwa tena, akakumbuka kwamba kulikuwa na gari lingine mbele. Nikaachiwa. Lakini siku zile za kuchunguza gari langu ndizo siku ambazo IST ilikuwa inatafutika. Tulipokwenda kwenye kituo cha mafuta kilicho kando ya barabara, tukaambiwa kamera zinarekodi juu ya picha za zamani, na picha za jioni ile zimeshafutika. Na kioo kilichopasuka au ubavu uliobonyea hauchukui muda mrefu kunyooshwa kwenye gereji bubu, mahali ambapo hakuna anayeuliza umegonga nini.

Kuna kitu kingine kilichopotea, nami nilikijua nilipokwenda kuomba radhi pale kando ya barabara. Mama lishe aliyekuwa akipika jirani na pale alinipokea kwa baridi. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kukoroga. Baadaye akasema, "Baba, palikuwa na saitimira hapa chini. Ilidondoka kwenye hilo gari. Vijana wa vyuma chakavu wameiokota." Nilipomweleza mkaguzi, alisikitika kuliko alivyosikitika kuhusu kamera. Kioo cha pembeni kilichovunjika kina pande mbili, akaniambia: upande ulioanguka na upande uliobaki kwenye mlango, na mivunjiko yake hukutanishwa. Hata chembe za rangi na vipande vya taa huweza kusema ni gari gani. Ndiyo maana eneo la ajali linalindwa hadi trafiki wafike na kupima. Kile kitu nilichokuwa nakifukuza kwa kilomita kadhaa kilikuwa kimelala barabarani nilipotoka, na kingekuwa mkononi mwangu laiti ningeshuka.

Nimezungumza habari za gari, na ona, hata sasa ninapoandika nimeanza nalo. Nije kwa mtu.

Alikuwa fundi wa vigae, kijana wa miaka thelathini na kitu, akitoka kazini. Nilipompita alikuwa na fahamu zake zote. Paja lake la kulia lilikuwa limevunjika karibu na goti. Watu waliomfikia walikuwa watu wema, na kwa wema huohuo wakamshika mikono na miguu, wakamwinua, wakamkalisha kwenye bajaji na mguu umekunjwa kwa sababu haukuenea. Hakuna aliyejua vingine, na aliyejua alikuwa Buguruni. Nilifundishwa haya: gari lako lisimamishwe kwa namna ya kumkinga aliyelala, taa za tahadhari ziwake, pembetatu iwekwe mbali kidogo ili gari linalokuja lisimkanyage mara ya pili. Umwite, usikilize kama anapumua. Penye damu pabanwe kwa kitambaa safi, na mkono usitolewe kila mara kuchungulia. Asiinuliwe ila kama kuna hatari ya moto au ya magari, na akiinuliwa kichwa na shingo vishikwe pamoja na mwili. Mguu uliovunjika ufungwe kwenye ubao, au hata ufungwe pamoja na mguu mzima kwa kanga. Asipewe maji, huenda akahitaji kupasuliwa. Namba 112 ipigwe. Kitenge cha mke wangu kingetosha kufunga mguu ule. Kilikwenda Buguruni kikarudi.

Nilimuuliza daktari, faraghani, kama kule kubebwa kulimzidishia. Alikuwa mtu mkweli. Alisema mfupa uliovunjika ukitikiswa bila kufungwa unaweza kujeruhi nyama na mishipa iliyo karibu, lakini hakuna awezaye kupima sasa kipi kilifanywa na gari na kipi na bajaji. Kwa hiyo sitasema nilimlemaza, wala sitasema sikuhusika. Sijui, na sitakuja kujua.

Aliwekewa chuma. Anatembea. Hawezi kupiga magoti kwa muda mrefu, na kazi ya vigae hufanyika kwa magoti.

Mambo mengine yalikuwa madogo, lakini nayahesabu. Simu yake ilikuwa na nywila, ikazima kwa kukosa chaji. Hospitali ilianza kumtibu kama dharura, kisha ikaandikwa fomu namba tatu ya polisi, ile PF3, lakini hakuwapo mtu wa kueleza mazingira ya ajali, na kwa maumivu aliyokuwa nayo na dawa alizochomwa hakuweza kueleza vizuri. Familia ilipata habari usiku wa manane. Mtu mmoja aliyeshuka garini na kumuuliza, "Kaka, unaitwa nani, nimpigie nani?" angewapunguzia mama yake na mke wake saa nyingi za kuzunguka vituo na hospitali. Ni swali la pumzi moja.

Na kuna suala la bima, ambalo sikuwahi kulifikiria vizuri ingawa kila mwaka nalipia. Ile tunayoiita bima ndogo, ambayo sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, haipo kwa ajili ya gari lako. Ipo kwa ajili ya mtu utakayemdhuru. Ukiwa na namba ya gari lililogonga, unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, limekatiwa bima na kampuni gani, na dai likaanzia hapo: ripoti ya polisi, PF3, taarifa ya daktari, risiti. Vyote hivyo yule fundi anavyo kwenye bahasha. Kinachokosekana ni namba. Bila gari hakuna kampuni ya kuiandikia barua. Gharama zililipwa kwa mchango wa mafundi wenzake, kwa kiwanja ambacho familia ilikiuza, na sehemu kidogo kwa fedha zangu.

Nimemfikiria pia yule dereva. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika katika ajali asimame, atoe msaada, ajitambulishe na kutoa taarifa polisi. Hakufanya hivyo, na simtetei. Lakini sisahau zile taa za breki. Madereva wengi hukimbia kwa kuogopa wananchi wenye hasira, na polisi wenyewe wamekuwa wakiwaambia wenye hofu hiyo waende moja kwa moja kituo kilicho karibu wakajisalimishe. Huenda yeye alikuwa mtu wa kukimbia tu. Huenda alikuwa mtu ambaye angesimama mita mia mbili mbele, akashika kichwa, akarudi, au akaingia kituoni. Mimi nilihakikisha hapati nafasi hiyo. Nilimwashia taa, nikampigia honi, nikamwekea nyuma vijana wawili wa bodaboda. Mtu anayefukuzwa hawezi kurudi, hata akitaka.

Nilipokwenda kumwona fundi mara ya kwanza nilikuwa nimetayarisha maneno. Nilimkuta amelala, mguu umeinuliwa juu ya mto, mkewe anamenya chungwa. Nikajitambulisha. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilikuona, kaka. Taa zako zilinimulika. Nikajua unakwenda kuegesha pembeni." Akanyamaza. "Nikawa nasubiri mlango ufunguliwe."

Mkewe aliendelea kumenya chungwa. Sikuyatumia maneno niliyotayarisha.

Tumezoeana kiasi tangu hapo. Rafiki yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimpa kazi ya kukata vigae kwa mashine, kazi ya kukaa kwenye kiti. Malipo yake si sawa na ya kutandika, na yeye alikuwa mtandikaji mzuri. Nimeiona sakafu moja aliyoitandika kabla ya ajali, sebule ya mtu huko Kimara, na hata mimi nisiyejua ufundi niliona kwamba mistari yake haikuyumba kutoka mlangoni mpaka ukutani. Sasa anawakatia wengine vigae wakatandike.

Jalada bado halijafungwa. Afande wa upelelezi alinionyesha siku moja nilipokwenda kuulizia: kwenye ukurasa wa mwanzo namba ya gari iliyoandikwa ni yangu, imekatwa kwa mstari wa wino, na juu yake pameandikwa kwamba gari halijajulikana.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba fundi ruhusa. Alifikiri kwa muda, mashine ikiwa imezimwa na vumbi la vigae limemkaa kwenye nyusi. Akasema niandike, ila nisiweke jina lake. Kisha nilipokuwa nimeshainuka kuondoka akaniita.

"Na usiandike kwamba nimekusamehe," akasema. "Hilo hatujalizungumza bado."